Grife iko wapi?

Jaketi la kwanza kuniingizia pesa ya maana lilikuwa na maandishi ya Kijapani kifuani. Ilikuwa 2014, soko la Mwanga hapa Kigoma, kwenye meza ya mama yangu ya mitumba. Tulikuwa tumefungua belo la kilo 45, na lile jaketi nililichomoa mapema kabla wachaguaji hawajalirukia, nikalitundika juu kabisa. Kila aliyeuliza nilimwambia, "Hilo la Japani, kaka. Orijino." Sikuwa nadanganya, nilikuwa naamini. Maandishi si yale?

Wiki hiyo hiyo akapita mtafiti mmoja wa Kijapani, wale wanaokwenda Mahale kwa sokwemtu. Sisi wa Kigoma tumewazoea. Wenzao wako kule tangu 1965, na wengine Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha baadhi ya wasomi wetu. Akasimama, akalitazama jaketi, akacheka mpaka akashika meza.

"Dada, unajua hii inasema nini? Inasema: kausha sana, fanya hivyo."

Kisha akageuza kola akanionyesha lebo. Superdry. Kampuni ya Uingereza.

Usiku ule nilikaa na simu mpaka bando likaisha. Nikakuta kumbe ni Waingereza wawili, Julian Dunkerton na James Holder, walioanzisha chapa hiyo 2003. Walikuwa wametembelea Tokyo wakapenda sana maandishi ya bidhaa za kule, wakarudi kwao kuchapa fulana zenye herufi za Kijapani ambazo Mjapani akizisoma anabaki kukuna kichwa. David Beckham akaonekana amevaa. Kufika 2010 kampuni iko kwenye soko la hisa la London, na maduka yake yanazidi kuenea nchi za nje. Mimi nimekaa Mwanga, nauza fulana za mtumba elfu tatu tatu, na kuna mtu ametajirika kwa neno "kausha".

Lile jaketi nililiuza elfu 25 kwa kijana wa bodaboda, na safari hii nilimwambia ukweli kwamba halijui hata Japani iko upande gani. Hakujali. "Hata lingekuwa la wapi, mimi napenda hayo maandishi," akasema, akalivaa pale pale kwenye joto la saa nane.

Jibu hilo lilinikaa kichwani mwaka mzima. Kama maneno yasiyo na maana kwa yeyote yanaweza kuuzika, yenye maana kwetu yashindwe kwa nini?

Kwa watu wa Dar, Kigoma ni "mwisho wa reli". Wanalisema kwa utani, na ndani ya utani mna kadharau fulani: kule mbali, kule watu wanakoshukia wakiwa wamechoka. Reli ya Mjerumani ilifika hapa 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani, ikaishia ziwani kwa sababu mbele ni maji. Nikaona nichape hivyo hivyo kwenye fulana kwa herufi kubwa, MWISHO WA RELI, na mstari mmoja wa reli chini yake. Mtu wa Dar akisema kama tusi, kijana wa Gungu analo kifuani tayari, utamtukana nini tena?

Wakati ulikuwa mzuri na mbaya pamoja. Uchaguzi wa 2015 ulikuwa umekwisha, kwa hiyo fundi wa kuchapa fulana alikuwa anapiga miayo, akanipa bei ya huruma. Ubaya ni kwamba mji mzima ulikuwa umevaa fulana za kampeni za bure. Mama aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Nani atoe elfu kumi na mbili anunue fulana, na fulana amepewa?" Niliagiza nyeusi 24 kutoka Kariakoo. Ziliisha ndani ya siku tisa. Hata leo sina maelezo ya kutosha, ila nilichokiona ni kwamba fulana ya bure ilivaliwa shambani na kwenye kufua, ya elfu kumi na mbili ilivaliwa Jumapili jioni kwenda kukaa ufukweni. Ya bure ilikuwa na sura ya mtu mwingine. Hii ilikuwa na wao.

Sasa, ninachotaka kusimulia hasa ni jinsi fulana zilivyovuka ziwa, maana mambo mengi ninayoyajua kuhusu fulana yangu mwenyewe niliambiwa na watu wa ng'ambo. Hapa nyumbani walinisifia tu.

Kibirizi, kwa asiyepajua, ni bandari ndogo nje kidogo ya mjini, ambako maboti ya mbao ya Kongo na Burundi yanapakia na kushusha. Kuna mama mmoja wa Kalemie, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, alikuwa akija pale kila baada ya wiki mbili tatu. Analeta vitenge, anarudi na chumvi ya Uvinza, sabuni na unga. Niliambiwa anapenda kujaribu biashara mpya, nikamfuata na fulana kumi begani. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, maana kwao si neno la kila siku. Akaniitikia "jambo" na kunyoosha mkono apewe fulana.

Hakutazama maandishi kabisa. Alikunja kola, akaipeleka karibu na macho.

"Grife iko wapi, mutoto yangu?"

Sikuelewa. Grife, akanieleza, ni lebo, jina la mwenye nguo. Ndani ya kola yangu kulikuwa na kilebo cheupe cha kiwanda cha Uchina, chenye jina ambalo sikuwahi hata kulisoma, na mimi nilikiacha pale kama kilivyokuja. "Hii nguo ni yako ao ya huyu?" akauliza, kidole kimekaa juu ya kilebo.

Ukumbuke nilikuwa naongea na mtu wa Kongo. Kule kuvaa ni jambo zito. Ndiyo nchi ya masapeur, wanaume wa Kinshasa ambao kama wenzao wa Brazzaville wako radhi walale njaa lakini koti liwe la mbunifu anayejulikana, na ukibisha wanakufunulia bitana uone jina. Sisi huku tunasoma kifua. Wao wanasoma shingo. Nilikuwa nimekaa miaka kwenye mitumba, nikiuza majina ya watu yaliyoshonwa shingoni, na haikunijia hata siku moja kwamba fulana yangu shingoni ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Alizichukua zote kumi hata hivyo. Wiki tatu baadaye akaniletea ujumbe kwa nahodha wa boti: anataka 60, pesa nusu hii hapa.

Ningependa niishie hapo niseme mambo yalinyooka. Zile 60 ndizo zilizonifundisha kazi, na zilinifundisha kwa bakora.

Muuzaji wa Kariakoo aliniapia kwa simu kwamba mzigo ni ule ule. "Ni zile zile, dada, gramu 180." Zilipofika nilizishika nikahisi wepesi, lakini pesa ya yule mama wa Kalemie ilikuwa imeshaingia ndani na boti lilikuwa linaondoka Alhamisi. Kumbe zilikuwa za gramu 140 kwa mita ya mraba. Ukiinua mbele ya dirisha unaona vidole vyako upande wa pili. Weusi wake ulikuwa unakwenda kwenye ubuluu. Na L yake ilikuwa M ya mzigo wa kwanza.

Juu ya hayo, umeme. Kigoma ya miaka ile ilikuwa ya majenereta, ukikatika umekatika. Wino tuliotumia ni ule wa plastiki, ambao haukauki kwa jua wala upepo. Unataka joto la nyuzi 160 hivi, liingie sawasawa, ndipo ushikamane na uzi. Mashine ya joto ya fundi ilizimika tukiwa na fulana 20 tu. Arobaini zilizobaki tulizipiga kwa pasi ya mkaa, mimi na fundi tukipokezana, jasho linatudondokea. Pasi ya mkaa haina namba. Unagusa kwa kidole kilicholowa mate, inalia "tsss", unasema imetosha.

Haikutosha. Mama wa Kalemie alirudi na mfuko wa sandarusi wenye fulana 23. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye gogo pale Kibirizi, akatandika moja ya zile kumi za mwanzo kwenye mapaja, juu yake akaweka moja ya zile 60. Ya juu ilikuwa imefuliwa mara mbili tu. Ilisomeka MWI HO WA RE I.

"Batoto banakataa," akasema. "Banasema hii haiko ile."

Haiko ile. Sijapata kusikia hukumu fupi zaidi. Nilirudisha pesa ya zile 23, elfu tisa kila moja, na mtaji wangu ulikatika pale pale. Kwa hasira na aibu nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kuuliza mwanzo: hivi vijana wa Kalemie maneno haya wanayatakia nini? Utani wenyewe ni wa Dar na Kigoma.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kutembea. "Sasa Kalemie reli inaishia wapi?"

Kweli. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie 1915, mwaka mmoja baada ya yetu, nayo ikagota kwenye maji yale yale upande wa pili. Mimi nimezaliwa Kigoma na nilikuwa sijui. Wale vijana hawakuwa wananunua Kigoma. Walikuwa wananunua Kalemie, imeandikwa na mtu mwingine.

Miezi iliyofuata nilirudi kwenye meza ya mitumba, na ni katika kukaa pale, nikiwa sina cha kufanya, ndipo nilianza kusoma lebo za watu kwa akili. Bershka, kwa mfano, tunaipata sana kwenye belo za kinadada. Ni chapa ya vijana ya Inditex, ilianza 1998. Inditex ndiyo mama wa Zara, na Zara ilifungua duka la kwanza 1975 katika mji wa A Coruña, Hispania. Niliposoma kwamba duka la kwanza nje ya nchi lilikuwa Porto, Ureno, mwaka 1988, nikaweka simu chini nikahesabu. Miaka 13. Wamekaa nyumbani miaka 13, na walipotoka hawakwenda mbali, walikwenda kwa jirani, mwendo wa gari wa asubuhi moja, ndipo New York ikafuata 1989 na Paris 1990. H&M nao, walioanza 1947 kwenye mji mdogo wa Västerås huko Sweden, walivuka kwanza kwenda Norway, 1964. Jirani tena. Mimi nilikuwa nimevuka baada ya miezi minne, na jirani ndiye aliyeniokoa, kwa sababu aliweza kunirudishia mfuko mkononi. Mteja wa Dubai angenyamaza tu.

Kitu kingine kilichonigusa ni habari ya Amancio Ortega, mwanzilishi wa Zara. Alianza kazi akiwa kijana mdogo kwenye duka la mashati, mtumwatumwa wa kupeleka mizigo, na baadaye alipoanza kushona aliwakusanya wanawake wa Galicia, ukanda wa wavuvi, ambako wanaume wengi walikuwa baharini. Nilisoma hilo nikacheka peke yangu. Ujiji hiyo! Katonga hiyo! Wanaume wako majini usiku kwenye dagaa, wanawake wana cherehani zimefunikwa kitambaa sebuleni, wanasubiri sare za shule mwezi wa kwanza.

Nikaanza upya na akina mama wanne wa Ujiji. Tuliacha kununua fulana zilizoshonwa. Tuliagiza rola la kitambaa cha pamba kutoka kiwanda kimoja cha Arusha, na kabla ya kukata nililipima kipande kwenye mzani wa duka la dhahabu, mwenye duka akidhani nimechanganyikiwa. Nilichukua fulana moja ya zile 24 za mwanzo, nikaifumua mshono kwa mshono, nikachora vipande vyake kwenye karatasi ngumu: kifua, mgongo, mkono, kola. Saizi nne. Karatasi zile nilizitoboa tundu nikazitundika ukutani, nikawaambia, samahani mama zangu, hapa hakuna kukadiria kwa jicho. Hilo lilileta ugomvi. Fundi aliyeshona miaka 30 humwambii afuate karatasi. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alinijibu, "Mwanangu, mimi namkata mtu suruali nikiwa nimemwona tu anapita barabarani." Na ni kweli, anaweza. Lakini huyo mtu awe anapita barabarani Ujiji, si Kalemie.

Alikubali mwishowe. Ana alama yake moja ambayo hakuiacha: akimaliza pindo la chini anarudisha uzi mara tatu, tak tak tak, wengine wote wanarudisha mara mbili. Nilimwacha nayo.

Jambo ambalo hakuna kitabu kingeniambia ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, taa za wavuvi hazifui dafu, wanaume wanarudi nyumbani kwa siku kadhaa. Basi kazi inasimama. Mume yuko ndani, wageni wanakuja, nyavu zinashonwa ukumbini palipokuwa na cherehani. Nilikula hasara mara mbili kabla sijaanza kupanga oda kwa kalenda ya mwezi. Mpaka leo nikipigiwa simu kuulizwa mzigo lini, natazama juu kwanza.

Lebo za shingoni nilizifumisha Dar. Hawakubali chini ya 500, nikakopa kwa shangazi. Zilipokuja kwenye kibahasha zilikuwa hazijazi hata viganja viwili, na ndiyo pesa nyingi kuliko zote nilizowahi kulipa kwa kitu kidogo hivyo.

Burundi nilikuwa nimeshaijaribu wakati wa fulana za Kariakoo, nikaishia mpakani upande wa Manyovu. Afisa forodha aliuliza zimetengenezwa wapi, nikajibu kwa kifua mbele, "Kigoma." Akafunua mshono wa ubavuni, kilebo kingine nilichokisahau, Uchina. "Hapa umezichora tu," akasema, kwa upole kabisa, na nikatozwa kama mzigo wa nje ya Jumuiya. Alikuwa sahihi. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na ukiwa na asili ya nchi wanachama, unajaziwa cheti pale pale mpakani. Lakini asili haiji kwa kuchapa maneno. Nilipovuka tena na fulana za pamba ya Tanzania zilizokatwa na kushonwa Ujiji, nilipewa kile cheti, na niseme ukweli, nilikipiga picha.

Bujumbura nilipata mshirika Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya barazani. Alizipokea, akazining'iniza, zikalala. Wiki, mwezi. Nikamuuliza kulikoni. "Dada, huku hatuna reli," akasema. "Sasa mwisho wa nini?" Lakini kwenye mzigo nilikuwa nimetia fulana sita za majaribio zenye mchoro wa samaki, mgebuka, na hizo zilikuwa zimekwisha siku ya pili. Vijana walikuwa wanazigombania na kulalamika kwa pamoja: jina limekosewa. Kwao mgebuka ni mukeke. Ziwa moja, samaki mmoja, majina mawili. Tukachapa MUKEKE kwa ajili ya Bujumbura peke yake, na hapa Kigoma hatukuiuza hata moja, si kwa ujanja wa biashara, ni kwamba nani huku angeivaa?

Hapo ndipo niliona kitu ambacho wale wa Zara wanakifanya kwa mfumo mkubwa: wasimamizi wa maduka kila siku wanarudisha habari za wateja wanauliza nini, na mzigo mpya unafika dukani mara mbili kwa wiki. Mimi mfumo wangu ni simu ya mtu wa Buyenzi na mdomo wa mama wa Kalemie. Ila habari inarudi.

Mwaka 2019 nililewa. Sina neno jingine. Nilikuwa na Kalemie, nina Bujumbura, nikajiona nimeiva. Ndani ya miezi sita nikapeleka Uvira kule Kongo, Rumonge kule Burundi na Mpulungu kule Zambia, zote mali kauli, chukua uza ulipe. Mpulungu walinirudishia picha ya fulana za reli zimekunjwa vile vile na swali moja, reli gani? Uvira aliyepokea alibadilisha namba. Rumonge walilipa, lakini kwa noti za dola zilizochanika pembeni, na yeyote anayefanya biashara ya ziwa hili anajua noti iliyochanika hata kidogo watu wa Kongo hawaipokei, na wa kwetu anaipokea kwa bei ya kukuonea. Wanawake wangu wanne walikaa miezi miwili bila malipo kamili. Yule mkubwa aliniambia, "Karatasi zako za kukatia hazikusema haya."

Mwezi wa tisa mwaka huo huo nikasoma kwamba Forever 21, kampuni ya maduka ya nguo za vijana, imekwenda mahakamani Marekani kuomba kinga ya kufilisika. Wale mke na mume waliotoka Korea Kusini wakafungua kiduka Los Angeles mwaka 1984, wakafika nchi zaidi ya 40. Walitangaza kufunga maduka mengi ya Asia na Ulaya. Sikufarijika, lakini nilijua jinsi ya kuisoma habari ile. Hata Superdry, niliyoanza nayo mimi, iliondoka kwenye soko la hisa la London 2024. Majina haya tunayaona makubwa kwa sababu yanatufikia yakiwa kwenye belo, na belo halisemi dukani kulitokea nini.

Nilifunga Mpulungu na Uvira, Rumonge nikaiacha chini ya mtu wa Buyenzi. Kalemie ikakua pole pole, na Kongo ilipoingia Jumuiya 2022 nikaanza kuuliza habari za cheti upande huo pia. Leo tuko na mafundi tisa. Si kampuni ya kuandikwa magazetini. Ila saizi zile nne bado zimetundikwa ukutani, karatasi zimebadilishwa mara tatu, vipimo havijaguswa.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Mwanga, kwenye meza za mitumba za vijana wapya, siyo wale wa enzi ya mama. Mkono ukakutana na kitu ninachokijua kabla macho hayajafika. Nikavuta. Fulana ya samaki, imepauka, MUKEKE.

"Hiyo ya Burundi, dada," kijana akasema haraka. "Huku haipatikani. Angalia lebo shingoni, orijino."

Nikageuza pindo la chini. Uzi umerudishwa mara tatu.

"Bei gani?"

"Kwa wewe, elfu nne."

Nikalipa.